Gari Lililolala Miaka Saba Haliamshwi kwa Betri Mpya

Mitaa ya Mtwara ina magari mengi yaliyolala. Pita Shangani, pita Ligula, nenda mpaka Mikindani, utayaona: Corolla namba A chini ya mwembe, pikapu iliyobanwa ukutani hadi nyasi zimefika kwenye taa, Land Rover ambayo kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenye gari ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Hilo zima kabisa, limekosa betri tu." Hasemi uongo. Anakumbuka siku aliyoliegesha, na siku ile kweli lilikuwa zima.

Kisha msimu wa korosho unafika. Minada inaanza mwezi wa 10, malipo yanaingia, na mtu anakumbuka kwamba ana gari. Fundi anaitwa, anakuja na betri ya kuazima na petroli lita 5 kwenye dumu. Vijana wanasukuma, gari linakohoa, linawaka, moshi unatanda uwanja mzima, watu wanapiga makofi. Nikiona hivyo moyo unaniuma. Miaka yote liliyosimama lilikuwa linaharibika taratibu, na sehemu kubwa ya uharibifu huo ingerekebishika kwa gharama ya kawaida. Zile dakika 10 za kulilazimisha liwake ndizo zinazogeuza kutu ya kusafisha kuwa injini ya kununua.

Nimefanya kosa hilo na nimelilipia. Pikapu yangu ya dizeli ilisimama miaka mitatu. Fundi akaja na betri, tukaiwasha jioni ile ile. Pampu ya dizeli ya pikapu ile haikuwa na oili yake yenyewe, ililainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Siku hiyo ilipitisha maji yenye kutu yaliyokuwa yamelala chini ya tenki. Ilitembea siku mbili, ya tatu ikazima, na haikuwaka tena mpaka nilipopata pampu nyingine. Kwa hiyo mjomba aliponiachia Corolla 110 yake, iliyokuwa imekaa miaka saba chini ya mkorosho kule Mikindani, niliapa sitagusa swichi mpaka nijue kilichomo ndani yake chote.

Kazi ya kwanza haikuwa ya injini hata kidogo. Nilichukua bisibisi na tochi nikalala chini, nikagonga na kuchokoa: kingo za chini ya milango, sakafu, sehemu ambazo shokamzoba na mikono ya miguu ya mbele hufungwa kwenye bodi. Kutu ya juu juu haina neno. Bisibisi ikizama, hapo bati limeisha. Ikizama pale miguu ya gari inaposhikwa, ushauri wangu ni kuuza spea na kuliacha, hata kama injini inaimba. Injini inabadilishwa kwa siku moja, lakini bodi iliyooza haina mwisho. La mjomba lilikuwa limeoza sehemu moja tu, sakafu ya upande wa abiria, na chanzo chake kilinifundisha jambo. Majani ya mkorosho yalikuwa yamejaa kwenye ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapoanzia, yameziba matundu ya kutolea maji. Masika saba maji yalikosa njia, yakaingia ndani na kukaa chini ya kapeti. Nilitoa majani ndoo nzima, ya chini yameshakuwa udongo, na mabibo makavu yamo humo humo.

Kuhusu kulala chini ya gari: ardhi yetu ni mchanga. Jeki inazama upande mmoja na gari linateleza. Weka ubao mpana chini ya jeki, weka magogo au stendi chini ya bodi, kisha ndipo uingie. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja.

Sasa, gari linaharibikaje likiwa limesimama? Kwa hewa. Tenki lililojaa nusu huwa linapumua. Mchana jua likipiga, hewa iliyo juu ya mafuta inatanuka na kutoka. Usiku inapoa, inasinyaa, na hewa mpya inaingia na unyevu wake. Unyevu ule ukikuta bati limepoa unageuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yanashuka chini kabisa, pale pampu inaponyonya. Rudia hivyo kila siku kwa miaka saba. Injini nayo ikizima huacha baadhi ya valvu, vile vifuniko vya kuingizia na kutolea hewa kwenye silinda, wazi, kwa hiyo silinda mbili tatu zinakuwa zimefunguliwa kwa hewa ya nje. Mtu wa Dodoma ana nafuu, hewa yake ni kavu. Sisi tuna unyevu na tuna chumvi ya bahari, na chumvi hunyonya maji, kwa hiyo chuma chetu kinabaki kibichi hata asubuhi ambayo huoni umande.

Petroli yenyewe nayo inazeeka. Sehemu nyepesi, ambazo ndizo huwaka haraka, zinaruka; zinazobaki zinaungana na hewa na kuwa kitu cha kunata kama gundi. Miezi sita inatosha kuifanya isiaminike. Nilipofungua kifuniko cha tenki la mjomba, harufu iliyotoka haikuwa ya petroli, ilikuwa ya vanishi kwenye karakana ya seremala, kali na chungu. Nilinyonya kidogo kwa mpira nikakinga kwenye chupa ya maji iliyo safi, nikaiweka juani. Juu, kimiminika rangi ya chai ya rangi. Chini, unene wa vidole viwili, maji ya kahawia. Kati ya hayo mawili, utando mwembamba uliokuwa ukicheza kila nilipoinua chupa.

Watu wengi hapa huongeza petroli mpya juu ya ile ya zamani wakidhani wameichanganya. Ukifanya hivyo umefanya baya zaidi, kwa sababu petroli mpya inaanza kuyeyusha ile gundi na kuipeleka mbele: kwenye pampu, filta, kisha injekta zinazonyunyiza petroli kwenye injini, ambazo matundu yake ni madogo kuliko unavyofikiri. Kwenye gari la kabureta unaweza kuifungua na kuisugua kwa mkono. Injekta nne zikiziba hapa Mtwara, utasubiri zije za kutoka Dar es Salaam. Tulishusha tenki, tukamwaga yote, tukaliosha, tukalianika siku mbili. Pampu iliyomo ndani ya tenki hupozwa na kulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Ya mjomba ilikuwa imeshikwa na kutu, tukaweka nyingine, na filta mpya. Mipira yote ya mafuta tulibadilisha kwa sababu ukiikunja ilionyesha nyufa. Hapo usibane matumizi, mpira uliopasuka unatema petroli juu ya injini ya moto. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, na mafuta machafu yasimwagwe kwenye mchanga ambao jirani amechimba kisima.

Ndipo tukafika kwenye injini. Fundi niliyekuwa naye ni kijana hodari, lakini hapo tulibishana.

"Kaka, siku nne zote kwa gari linaloweza kuwaka leo?"

"Siku nne, fundi. Nitakulipa za kusubiri."

Tulifungua plagi zote nne, tukamimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila tundu, tukafunika kwa kitambaa, tukaondoka. Sababu yake ni hii: pistoni ina ringi za chuma zinazogusa ukuta wa silinda. Gari likitembea kila siku, kati yao kuna utando wa oili. Likisimama miaka, oili inateremka yote hadi kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na ringi zinabaki zimegusa chuma kikavu, zinashikana kwa kutu nyembamba. Ukipiga stata hapo, ina nguvu ya kutosha kuzibandua, lakini inazibandua kwa kuchana. Mchano ule ndio moshi wa bluu utakaouona miaka yote iliyobaki.

Siku ya nne tulitia boksi spana yenye mkono mrefu kwenye nati ya puli ya chini, pale injini inapozunguka. Nilivuta kwa upande inakozungukia. Haikwenda. Sikuongeza nguvu. Nilirudisha kidogo, nikavuta tena, nikarudisha. Mara ya tano au ya sita nikasikia kwenye kiganja, kabla ya masikio, kama uzi unakatika, na puli ikatembea robo mzunguko. Ikagoma tena, tukaongeza oili, tukasubiri nusu saa. Mwishowe ikazunguka mzunguko mzima, mara ya pili kwa wepesi, mara ya tatu unaisikia tu inavyovuta na kutoa pumzi kwenye matundu ya plagi. Fundi alinyamaza, akachukua spana akaizungusha na yeye.

Oili ya zamani tuliimwaga kabla ya kuwasha. Hata kama kwenye kijiti inaonekana nzuri, imebeba maji na tindikali iliyotokana na kuungua kwa mafuta, na imekaa nayo miaka saba. Tukaweka mpya na filta mpya. Kisha, plagi zikiwa bado nje na fyuzi ya mafuta imetolewa, ndipo betri ikafungwa. Tulizungusha stata kwa sekunde 10, tukapumzika, sekunde 10 tena, mpaka taa nyekundu ya oili ikazimika kwenye dashibodi. Injini isiyo na plagi inazunguka bila mzigo, na oili inafika kwenye beringi zote kabla moto haujawaka. Hatua hii haigharimu hata shilingi, na karibu kila mtu anairuka.

Mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke sambamba na mwendo wa pistoni, una ubishi wake. Injini ya 5A ya Corolla hii inatumia mkanda wa mpira, na watu wanahesabu kilometa tu: "Haujafika laki moja, uache." Mpira hauhesabu kilometa peke yake, unahesabu na miaka. Ukikaa umejikunja mahali pamoja miaka saba unakauka na kupasuka kwenye meno. Kwenye injini hii ukikatika gari linazima tu njiani. Kwenye nyingine, kama 1HZ ya Land Cruiser, mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu, na hapo unafungua injini nzima. Tukabadilisha, pamoja na wota pampu, kwa kuwa tulishafungua sehemu ile ile.

Upande wa kupoza, nina ugomvi wa muda mrefu na tabia moja ya gereji zetu. Gari likichemsha, cha kwanza kinachotolewa ni thamostati. "Huku kwetu joto, haihitajiki." Thamostati ni mlango unaofunguka maji yakifika karibu nyuzi 82 na kujifunga yakipoa, ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inafanya kazi baridi: inakula mafuta mengi, na ringi zinalika upesi. Tena kwenye injini nyingi kifaa hicho hicho, kikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukikiondoa, njia ile inabaki wazi moja kwa moja, na gari linaweza kuchemsha zaidi kwenye mlima. Ya mjomba ilikuwa imeshatolewa. Tulinunua mpya, tukaipima kwanza kwenye sufuria ya maji juu ya mkaa, tukaiona ikifunguka kwa macho yetu.

Maji nayo ni suala. Visima vingi vya pwani vina magadi na chumvi. Maji hayo yakichemka ndani ya injini yanaacha ukoko kama ule wa chini ya birika, na chumvi yake inakula kichwa cha injini, ambacho ni alumini. Tumia kulanti, kimiminika maalumu cha rejeta. Ikishindikana, hata maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima, ingawa hayazuii kutu kama kulanti.

Umeme nitaupitia haraka, kwa sababu tatizo lake pwani ni moja na lina sura nyingi. Taa hafifu, stata inayosema "tak" na kunyamaza, geji zinazocheza: kabla hujanunua chochote, fungua waya wa ethi unaotoka betri kwenda bodi na ule wa injini, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga. Nusu ya matatizo yaliisha hapo. Panya walikuwa wametafuna waya mbili na kujaza kiota kwenye boksi la filta ya hewa. Angalia humo kabla ya kuwasha, la sivyo injini itavuta takataka. Nyigu nao hupenda kuziba mipira midogo kwa udongo. Betri tuipime kwa mita: iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6. Injini ikiwaka, kwenye temino usome kati ya 13.8 na 14.4 hivi, vinginevyo altaneta ina kasoro. Betri iliyokufa miaka mingi hairudi, hata ukiichaji usiku kucha.

Lakini kama una fedha ya kitu kimoja tu, iwe breki. Gari lisilowaka halimuui mtu.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu hushuka hadi 140 hivi. Hapo ukiteremka mteremko mrefu, tuseme unatoka Newala juu ya uwanda kushuka kuelekea Masasi, breki zinapata moto, maji yaliyomo ndani yanachemka, yanakuwa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, na pedali inashuka hadi sakafuni bila gari kusimama. Maji hayo hayo, gari likiwa limelala, yanatengeneza kutu ndani ya masta silinda, inayosukumwa na pedali, na wili silinda zilizo kwenye magurudumu.

Kuna kosa hapa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Kwenye matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda inatembea mwendo mfupi tu, na sehemu hiyo inabaki laini. Mbele yake panajikusanya kutu na uchafu. Siku ya kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, msaidizi anakanyaga pedali hadi mwisho, raba zinapelekwa kwenye ile sehemu yenye kutu, zinachanika. Breki zinakuwa nzuri wiki moja, kisha zinaanza kuzama. Kwa hiyo mkanyagaji aweke kipande cha ubao chini ya pedali, au masta silinda ifunguliwe ikaguliwe kwanza. Yetu tulifungua, tukaona kutu, tukanunua nyingine.

Na mipira ya breki ya magurudumu: kwa nje inaweza kuonekana salama wakati kwa ndani imevimba. Ukikanyaga, nguvu yako inapitisha mafuta, ukiachia, hayarudi. Gurudumu linabaki limeshikwa, na dereva anadhani gari halina nguvu. Tulibadilisha yote, raba zote za wili silinda za nyuma, lainingi zilizokuwa zimebanduka kwenye chuma chake, na tukasafisha waya wa hendibreki uliokuwa umeganda. Kisha mafuta mapya yakapitishwa mpaka yaliyotoka kila gurudumu yakawa meupe. Kwa ushauri, gari la kulaza msimu mzima usilivutie hendibreki, liwekee gogo.

Matairi ya mjomba yalikuwa na kashata nzuri, fundi akasita kuyatoa. Nikamwonyesha ile namba ya tarakimu nne kwenye ubavu: 3212. Wiki ya 32, mwaka 2012. Nyufa zilikuwa zimeshaanza. Yakatoka yote, na la spea.

Kuhusu makaratasi, ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017 na kuingizwa kwenye bei ya mafuta, lakini bima ni lazima iwe hai kabla hujatoka getini.

Asubuhi tuliyoliwasha, liliwaka kwa mzunguko wa tatu. Lilitoa moshi mzito kwa dakika kadhaa, ile oili ya kwenye vijiko, kisha ukakata. Hatukukanyaga mafuta, tuliliacha lijinong'oneze mpaka feni ikazunguka yenyewe na kuzima yenyewe. Oili ilivuja kidogo mbele ya injini kwenye sili iliyokauka; tukaiacha kwa sababu sili nyingine hurudi zenyewe zikishalowa, na hii ilikata baada ya wiki mbili.

Safari ya kwanza ilikuwa kuzunguka uwanja, ya pili kwenda mjini, kama kilometa 10. Kila tuliposimama niliweka kiganja karibu na kila rimu. Tatu vuguvugu, ya nyuma kushoto ya moto. Waya wa hendibreki upande ule ulikuwa bado unabana, ukalainishwa tena. Wiki iliyofuata tukafika Mingoyo na kurudi, mshale wa joto haukusogea. Kwenye kilometa 500 tukamwaga oili tena, na ilitoka nyeusi tititi, na matope laini chini ya beseni, uchafu wa miaka saba ambao oili mpya ilikuwa imeuosha. Tukaweka nyingine, na Jumamosi yake nikampeleka mama Newala kwa njia ya Tandahimba, naye kakaa kwenye kiti kile cha abiria, miguu juu ya sakafu mpya, akiuliza mara mbili kama kweli hili ni gari la kaka yake.